Uzi wa kukausha na kuhifadhi pilipili nyumbani: mbuzi, kichaa, ndefu hadi hoho (watu wa pwani tusaidiane)

#1 Kibada_Bustani
Habari za saa hizi wakuu.

Nipo Kigamboni, nina miche ya pilipili mbuzi nyuma ya nyumba na msimu huu imezaa hadi matawi yanalala chini. Dalali wa sokoni ananitajia bei ya kunidhalilisha, sado nzima inaondoka kwa hela ya soda. Majirani nimewagawia mpaka wakiniona na mfuko wanafunga geti. Nimeamua nikaushe, nyingine nisage unga, na ikinoga nipakie vikopo niuze.

Shida ni moja. Huku upepo wa bahari una unyevu muda wote, na masika ndiyo hiyo inakaribia. Nawaona watu wa Dodoma na Singida wanaanika chochote juu ya bati na kinakauka bila maneno. Sisi wa pwani tunafanyaje? Nina jiko la gesi lenye oveni, friza ndogo na jua la kubahatisha. Sitaki nadharia za kukopi, namtaka aliyeshika pilipili kwa mkono wake.

#2 MzeeWaPipa
Ngoja waje. Nimekaa mbele kabisa.

#3 MamaNsansa
Mdogo wangu Kibada, umekuja pahala pake. Mimi nakausha mboga na viungo vya kuuza, nipo Morogoro mjini, ila nimezaliwa Usukumani ambako mtoto anaanza kutembea anakuta nsansa (majani ya mboga) na michembe (viazi vitamu) vinaanikwa. Kuanika sikufundishwa na semina. Semina ilikuja baadaye kunieleza kwa nini.

Pilipili ina ngozi yenye nta. Ukiianika nzima, maji ya ndani yanapata shida ya kutoka. Kichaa ni ndogo, ngozi yake nyembamba, inavumilia kuanikwa nzima. Mbuzi ni nene, ina mikunjo, halafu katikati ina uwazi. Ukiianika nzima kwa unyevu wa Kigamboni itakauka nje na ndani kubaki chumba kisicho na dirisha, na ukungu unaanzia humo humo kwenye mbegu. Nje inang'aa unaisifia, ukiipasua unakuta manyoya ya kijivu. Kwa hiyo mbuzi lazima uipasue. Hilo halina mjadala.

Chuma iliyoiva kabisa, umande ukishakauka. Iliyotobolewa na wadudu au yenye doa laini usiitie humo, hata moja. Ipike leo leo. Osha zikiwa nzima, siyo baada ya kukata, kisha zimwage kwenye kitambaa safi zikauke maji ya juu. Mimi huwa nazichovya kwenye maji yanayochemka dakika 1 au 2, nazitoa naziingiza kwenye maji ya baridi, ndipo napasua. Yale maji ya moto yanalegeza ngozi, pilipili inakauka haraka na wekundu wake unabaki. Wengine hawachovyi na zinakauka vilevile, ila rangi utaiona tofauti. Mbuzi toa kikonyo na ipasue vipande viwili. Kichaa acha kikonyo mpaka ikauke, kitang'oka chenyewe ukisugua.

Tandaza safu moja tu kwenye wavu ulioinuliwa, hewa ipite juu na chini. Usianike chini wala kwenye turubai lililolala ardhini. Toa nje jua likishapanda, anua kabla halijashuka, kwa sababu usiku pilipili iliyokauka nusu inanyonya unyevu tena na kazi yako ya mchana inakuwa bure. Ikibaki nje ikapigwa umande, hujaanika, umeloweka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu: siyo siku ya kuanika, ni siku ya kufunga chupa. Pilipili ikitoka juani ina joto, hata iliyokauka inakuwa laini kidogo mkononi, na ambayo bado inaweza kukudanganya kwamba imekauka. Ipoze kwanza ndani ya nyumba. Kisha chagua ile nene kuliko zote, siyo ile nyembamba ya pembeni, uikunje. Ikivunjika kwa mlio, sawa. Ikikunjika kama ngozi ya kiatu, rudisha. Angalia na pale kikonyo kilipokuwa, na ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Hapo ndipo panakauka mwisho.

Zikishavunjika, bado usijiamini. Jaza chupa ya kioo theluthi mbili, funga, iweke mezani wiki nzima. Kila siku itikise na uangalie kioo. Ukiona ukungu wa jasho kwenye kioo au vipande vinagandana, zimwage zote zirudi juani. Vipande havikauki sawa, na wiki hiyo vile vikavu vinanyonya maji ya vile vibichi, ndiyo unajua hali halisi ya chupa nzima. Zikipita hapo, funga uweke kabatini gizani.

#4 Kibada_Bustani
Dada MamaNsansa, Mungu akuweke. Hiyo ya wiki ya mezani sijawahi kuisikia popote.

Na oveni je? Masika ikipiga wiki mbili mfululizo naweza kumalizia humo?

#5 MzeeWaPipa
Kabla ya oveni, jambo la wanaume. Ukishapasua pilipili mbuzi usiende msalani kabla ya kunawa. Sisemi zaidi.

#6 Muuguzi_wa_Zamu
😂😂 MzeeWaPipa umeongea kwa uchungu wa mtu anayejua.

Niongezee hapo. Ule ukali hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta. Kunawa maji matupu ni kuutembeza tu. Paka mafuta ya kupikia mikononi, sugua mpaka katikati ya vidole na kwenye kucha, ndipo unawe kwa sabuni. Mdomoni kunywa maziwa au mtindi, siyo maji. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, mafuta usitie jichoni. Na kama kuna mtoto mdogo ndani, vaa glavu tangu mwanzo, maana mkono ulionawa unaweza bado kumchoma.

Watu wanadhani ukali uko kwenye mbegu. Uko zaidi kwenye ule utando mweupe. Mbegu zinapakwa tu kwa kuwa zimekaa pale. Anayetaka unga usiochoma sana akwangue utando.

#7 Fundi_Randa
Nijibu la oveni kwa kuwa nimewahi kuwafungia watu majiko. Oveni nyingi za gesi za majumbani moto wake wa chini kabisa bado ni mkali kwa pilipili. Unachotaka ni nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ukipita 70 inaanza kuwa ya kahawia, na ngozi ya nje inakauka ghafla na kufungia maji ndani. Utaitoa unadhani imeiva kumbe bichi. Tena gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, kwa hiyo ndani ya oveni hakuna ukavu unaoudhania.

Kwa oveni ya gesi: iwashe, ipate moto, izime, ndipo uingize trei na uache mlango wazi kiasi cha kupitisha kijiko cha mti. Ikipoa toa trei, washa tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini kumalizia pilipili iliyokwisha kupigwa jua inafaa. Ya umeme inayoshuka hadi 60 ni rahisi zaidi, ila iache mlango wazi kidogo vilevile, unyevu utoke. Na fungua madirisha. Nyumba yenye mtu wa pumu usijaribu akiwa ndani.

#8 Dada_wa_Tabata
Airfraya je? Yangu ina kitufe cha kukaushia.

#9 Fundi_Randa
Kama ina hicho kitufe na inashuka hadi 60, tumia. Isiyo nacho nyingi zinaanzia 80, hiyo unakaanga. Halafu trei yake inaingia pilipili za mboga moja. Kibada ana kiroba.

#10 BiSomoe
Assalamu alaykum. Mimi Pemba, Wete. Nawashangaa mnavyoipa pilipili heshima ya bibi harusi. Sisi huku tunaanika karafuu kwenye majamvi miaka na miaka, na unyevu wetu mnaujua. Pilipili nazo tunazitupa pembeni ya jamvi hilo hilo, mtoto akipita anazipindua, basi. Kuchovya maji ya moto ni mambo ya mjini.

#11 MamaNsansa
Wa alaykum salaam, Bi Somoe. Sikupingi kwenye karafuu, nyie ndio wenyewe. Ila karafuu ina mafuta yake makali yanayozuia ukungu, ile harufu ndiyo kinga yake. Pilipili ukali wake hautoshi kufukuza kuvu. Ni miongoni mwa viungo vinavyokamatwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, hasa aflatoksini, mara kwa mara, ndiyo maana Ulaya wakipokea shehena ya pilipili kavu wanaipima. Kikomo chao ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo. Kwa hiyo jamvi sawa, lakini liinue. Weka kichanja, jamvi juu.

Na kuku. Kuku haisikii pilipili, ndege wote hawaisikii, wanaila kama mahindi. Jamvi la chini utalikuta na nyayo na mengine ambayo sitayataja.

#12 BiSomoe
Hilo la kuku kweli. Nilikuwa najiuliza nani ananichukulia.

#13 Wote_Town
Salamu kutoka Makueni. Mimi nataka kuuliza lakini pia kuna jambo naliona watu wanafanya: ukungu ukishika, wanaosha na chumvi, wanaanika tena, wanasaga. Wanasema ikisagwa nani atajua. Dada MamaNsansa, hiyo iko sawa?

#14 MamaNsansa
Haiko sawa. Tupa. Unaosha manyoya, sumu imeshaingia ndani, na haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Hapa kwetu mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Nyie Makueni mnajua zaidi yangu.

#15 Wote_Town
Tunajua. 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, mahindi yalivunwa yakawekwa ndani yakiwa na maji. Ndiyo maana nimeuliza. Mtu akiona ni pilipili anasema "kwani nakula kiasi gani?" Ni kweli pilipili hauli sahani, lakini unaila kila siku na mtoto anaila kwenye mchuzi.

Sisi baada ya hapo tulifundishwa kipimo cha chumvi. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu na punje za mahindi, unatikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiposhika, weka ghalani. Kwa pilipili si inafaa pia?

#16 MamaNsansa
Kipimo kizuri, kaka, ila ni cha nafaka. Kinakutenganishia juu ya asilimia 15 ya unyevu na chini yake. Mahindi kuna anayeyaweka hapo. Pilipili kavu inatakiwa isizidi 11. Kwa hiyo pilipili ikifeli kipimo cha chumvi, jua imefeli vibaya. Ikifaulu, bado hujajua. Rudi kwenye kuvunjika na ile chupa ya mezani. Anayefanya biashara anunue mashine ya kupima unyevu au apeleke sampuli maabara.

#17 Kibada_Bustani
Nimeanza kuelewa kwa nini wenzangu wanauza mbichi 😅

Fundi_Randa, hebu nielekeze kaushio. Nina mbao za kitanda cha zamani.

#18 Fundi_Randa
Sawa, chukua kalamu.

Tengeneza fremu ya sanduku, urefu wa meza, kina cha sentimita 30 mbele na 50 nyuma, ili juu pawe na mteremko unaotazama jua. Juu funika kwa nailoni ya grinihausi, ile nzito ya mikroni 200 iliyowekewa dawa ya kuvumilia jua. Nailoni ya kawaida ya madukani itapasuka kabla ya msimu kuisha. Chini kabisa weka bati ulilopaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tundu za hewa weka mbele chini, na nyingine nyuma juu, zote ziba kwa wavu wa mbu. Hewa baridi inaingia chini, inapata moto kwenye bati, inapanda kupitia trei, inatoka juu na unyevu wake. Watu wakiona joto linatoka juu wanaziba. Usizibe! Ukiziba umetengeneza jiko la mvuke.

Trei tumia fremu ya mbao na wavu wa plastiki ngumu. Wavu wa dirisha wa chuma unashika kutu, na pilipili iliyopasuliwa inaacha alama nyeusi. Nyuma weka mlango wa kuingizia trei. Mguu mmoja mmoja utie kwenye kopo la maji, sisimizi wasipande.

Sasa siri ya rangi: jua kali la moja kwa moja linafifisha wekundu. Nunua kaniki, itandaze juu ya trei sentimita chache, isiguse pilipili. Kaniki inashika joto, pilipili inakauka kivulini. Utaona tofauti ya unga wako na wa sokoni.

#19 Nizwa_Kwetu
Assalamu alaykum ndugu zangu, mimi nipo Oman, Nizwa, asili yetu Unguja. Nathibitisha hilo la rangi. Huku kiangazi jua linapita nyuzi 45, na ukianika pilipili wazi zinakauka upesi kweli, lakini zinatoka na rangi ya majani makavu. Mama mkwe wangu anazianika barazani kivulini, upepo unamaliza kazi. Zinachukua muda zaidi, zinabaki nyekundu. Tatizo letu ni vumbi tu, tunafunika kwa kitambaa chepesi.

Wa pwani hamna upepo mkavu kama huu, kwa hiyo kaushio la fundi ndilo jibu lenu.

#20 Kibada_Bustani
Na siku ya mvua nzito? Nimeshapasua, jua limegoma.

#21 MamaNsansa
Usipasue siku ambayo huna uhakika na kesho yake. Chuma kidogo kidogo. Lakini ikishatokea: ndani ya chumba, kwenye wavu, feni ikizipulizia moja kwa moja usiku kucha. Feni haizikaushi mpaka mwisho ila inazuia ukungu mpaka jua lirudi. Wenye kiyoyozi wana bahati, hewa ya chumba chake ni kavu.

Na usipigane na mvua bure, wewe una friza. Pilipili mbichi nzima, imeoshwa na kukauka maji, iweke kwenye mfuko, toa hewa, gandisha. Inakaa miezi mingi. Ikitoka inakuwa laini, kachumbari haifai, ila mchuzini hakuna atakayejua. Masika ikiisha zile za friza unaweza kuzianika vilevile. Zinakauka haraka kuliko mbichi kwa kuwa barafu imeshavunja nyama yake, ila zinachuruzika maji, weka chombo chini.

#22 Mgosi_wa_Lushoto
Kwetu milimani nyanya alikuwa anaweka kichanja juu ya mafiga, pilipili na mbegu za mahindi vinakaa moshini. Hakuna kaushio, hakuna feni. Pilipili ya moshi ukiiweka kwenye maharage, acheni kabisa.

#23 Fundi_Randa
Ladha yake siikatai. Ila jiko la sasa watu wanawasha kwa plastiki na mifuko. Moshi wa kuni safi sawa, moshi wa nailoni unaula.

#24 Swahilipot_Mombasa
Wenzangu mmekazana kukausha, na kuhifadhi kwenye mafuta je? Mamangu Mvita anasaga pilipili mbichi, anatia kwenye chupa na mafuta, inakaa kabatini mwaka. Hatujafa.

#25 Muuguzi_wa_Zamu
Kaka, naomba uniambie, hatii ndimu? Hatii siki, chumvi?

#26 Swahilipot_Mombasa
Anatia ndimu nyingi, na chumvi ya mawe. Anaiweka juani siku kadha kwanza kama achari.

#27 Muuguzi_wa_Zamu
Basi kilichowalinda ni ndimu na chumvi, siyo mafuta. Naomba watu wote wasome hapa.

Kuna bakteria anayeishi kwenye udongo, kwa hiyo yupo kwenye mboga yoyote. Mbegu zake haziuliwi na kuchemsha kwa kawaida. Anapenda mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu, penye maji. Pilipili mbichi au kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, chupa imefungwa, imekaa kabatini: umemjengea. Sumu yake haina harufu wala ladha, inalegeza misuli kuanzia macho na kumeza, mwishoni kupumua. Ugonjwa wenyewe ni botulizimu, haupatikani sana lakini ukimpata mtu ni dharura ya hospitali.

Kwa hiyo: pilipili mbichi na mafuta bila siki au ndimu, iweke friji na iishe ndani ya siku nne, au igandishe. Ukitaka ikae, tia siki ya kutosha, siyo ya kunusia. Pilipili iliyokauka kweli ndani ya mafuta ni salama zaidi kwa kuwa haina maji, lakini na hiyo naiweka friji.

#28 Swahilipot_Mombasa
Nimemsomea mama. Kasema "nilijua ndimu si ya urembo."

#29 Dada_wa_Tabata
Chupa yangu ya pilipili kavu niliyonunua ina vijidudu vidogo vya kahawia vinatembea, na unga chini. Pilipili kali hivi vinaishije?

#30 MamaNsansa
Vinaishi vizuri tu. Ni wale wadogo wa mviringo wanaokula tumbaku, biskuti, viungo, chochote kikavu. Hizo ulizonazo zitupe. Ila kuanzia sasa, pilipili yoyote ukishaikausha au kununua, ifunge kwenye mfuko na uilaze friza siku nne. Mayai na mabuu yanakufa. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo jasho litaganda kwenye pilipili na umeilowesha upya.

Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana ndiyo bora. Ndoo za plastiki nyembamba na mifuko ya rambo hazifai, unyevu unapita taratibu na vidudu vinatoboa. Mwenye nyingi, mifuko ya PICS ile ya kuhifadhia nafaka inafaa, ina nailoni mbili ndani. Lakini hakikisha vikonyo vimetoka, vinatoboa. Wengine wanatia mchele kwenye chupa kunyonya unyevu, unasaidia kidogo sana. Tafuta vipakiti vya silika vya chakula, vipya. Vya kwenye boksi la viatu viache huko huko, na vile vya punje za buluu vina kemikali isiyofaa karibu na chakula.

#31 Kibada_Bustani
Mwisho, kusaga. Nipeleke mashine ya mtaani?

#32 MzeeWaPipa
Peleka, halafu uhame mtaa. Anayefuata baada yako atakuwa na sembe ya uji wa mtoto.

#33 MamaNsansa
Kasema kweli. Mashine ya sembe haisafishwi ikatoka pilipili. Kiasi cha nyumbani tumia kinu au blenda kavu. Pilipili iwe imevunjika kabisa, ikiwa na unyevu itashikana kwenye kisu. Saga kwa kukatisha katisha ili isipate moto, kisha zima na uache mfuniko bila kufungua mpaka vumbi litue. Vaa barakoa. Simama upepo ukikupitia mgongoni. Chekecha, mabaki yarudi tena.

Usisage zote. Nzima inatunza harufu na rangi muda mrefu kuliko unga. Saga ya mwezi mmoja au miwili. Kwa kipimo, kichaa mbichi kilo 3 hadi 4 inakupa kilo 1 kavu. Mbuzi ni chini ya hapo sana, ina maji mengi. Na kwa atakayeuliza hoho: inakaushika, kata vijiti vyembamba, ila kilo 10 zikikauka vizuri hazifiki kilo 1. Piga hesabu kabla hujanunua kiroba.

#34 Dada_wa_Tabata
Ndiyo maana wa sokoni wanachanganya pumba.

#35 Nizwa_Kwetu
Pumba ni afadhali, dada. Mwaka 2003 Ulaya walikamata unga wa pilipili uliotiwa rangi ya viwandani inaitwa Sudan I, rangi ya nta na mafuta ya mashine, ili uonekane mwekundu. 2005 Uingereza waliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya unga huo. Unga mwekundu kupita kiasi uuogope.

#36 Kibada_Bustani
Nikitaka kuuza vikopo, naanzia wapi?

#37 MamaNsansa
SIDO ya mkoa wako, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na wanakuelekeza mpaka TBS, shirika la viwango. Chakula kipo chini ya TBS tangu 2019, usipoteze nauli kwingine. Na usiuze pilipili uliyoianika uani penye mbwa, mkaguzi anakuja kuangalia mahali, haangalii kikopo peke yake.

#38 Mgosi_wa_Lushoto
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina shemeji Muheza ana pilipili manga inapanda kwenye miti. Hiyo nayo inapasuliwa?

#39 BiSomoe
Hapo sasa mmekuja kwangu. Manga haipasuliwi. Vuna shada likiwa la kijani, punje moja mbili zimeanza kugeuka njano au nyekundu. Pukuchua, tia kwenye kikapu, chovya maji ya moto dakika moja, mwaga juu ya jamvi. Juani siku tatu mpaka tano, unapindua, zinasinyaa na kuwa nyeusi tii. Kilo 3 za mbichi zinatoa kama kilo 1. Asivune changa, zitatoka tupu ndani, zinavunjika kwa kidole na mnunuzi atazipeta.

#40 Mgosi_wa_Lushoto
Na ile nyeupe?

#41 BiSomoe
Mti huo huo. Unaacha ziive nyekundu, unaloweka kwenye gunia majini wiki nzima au zaidi, maji yabadilishwe kila siku maana yananuka, kisha unasugua ganda litoke na kuanika. Mwambie shemeji kama hana maji ya kutiririka karibu asijisumbue, auze nyeusi. Na jamvi aliinue, nimeshaambiwa humu.